Ndege ikigonga mkia, tuulize uzito na kiraka

Ndugu Mhariri,

Kila ndege ya abiria inapogonga mkia wakati wa kuruka, magazeti huandika mambo mawili: rubani aliinua pua kupita kiasi, na abiria wote wako salama. Huenda yote mawili ni kweli, lakini kusema pua iliinuka mno ni kama kusema mtu amelowa kwa sababu ya maji. Naomba nafasi nieleze wapi pa kutazama.

Ndege ikifikia kasi ya kuinua pua, hucheza juu ya magurudumu makuu kama pembea: pua ikipanda, mkia unashuka, na magurudumu yangali yamekanyaga lami. Boeing 737-800 huinuliwa kwa mwendo wa nyuzi 2 hadi 3 kwa sekunde, na huachana na lami pua ikiwa kwenye nyuzi 8 hivi. Mkia wake hugusa chini kwenye nyuzi 11. Akiba ni nyuzi 3, yaani sekunde moja na ushee. Nduguye mfupi, 737-700, hagusi mpaka nyuzi 14 na zaidi, ndiyo maana mkono uliozoea ndege fupi unaweza kumponza rubani akihamia ndefu.

Hata hivyo, mkono ukiwa sawa kabisa mkia bado waweza kugonga, iwapo kasi haijatosha. Pua imeinuliwa, bawa halijapata nguvu ya kuibeba ndege, ndege haitoki. Rubani anavuta zaidi, na mkia unafika chini. Kasi hiyo ya kuinua pua haikisiwi. Hukokotolewa kabla ya safari kutokana na uzito, flapu (vibawa vinavyoteremshwa nyuma ya bawa kuongeza nguvu ya kubeba), joto la hewa, upepo na urefu wa njia ya kurukia. Kompyuta ikipewa uzito wa uongo, itatoa jibu safi lisilo na dosari yoyote, la ndege nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa Melbourne, Australia, tarehe 20 Machi 2009. Uzito wa Airbus A340 ya Emirates ulipaswa kuandikwa tani 362.9, lakini kwenye kompyuta iliandikwa 262.9. Tarakimu moja tu, tani 100. Kwa kuwa nguvu ya bawa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, tofauti hiyo inadai kasi zaidi kwa takribani asilimia 17. Baya zaidi, hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoamua injini zipunguzwe nguvu kiasi gani, maana ndege hairuki kwa nguvu yote pasipo haja. Hivyo kosa moja linapunguza kasi na msukumo kwa pamoja. Ndege ile iliburuza mkia na kupita mwisho wa njia kabla ya kupaa. Auckland, tarehe 12 Machi 2003, Boeing 747 ya Singapore Airlines ilipungukiwa tani 100 kwenye makaratasi vivyo hivyo, na pua ikaanza kuinuliwa kwenye noti 130 badala ya 163 (noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa). Noti 130 kwa 747 yenye mzigo wa safari ndefu ni namba ya kumshtua mtu hata kabla hajafungua kitabu. Halifax, Kanada, Oktoba 2004, ndege ya mizigo ilitumia uzito wa safari iliyotangulia, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa.

Kinga yake inajulikana: kila rubani akokotoe peke yake bila kuchungulia kwa mwenzake, kisha walinganishe, na matokeo yapimwe dhidi ya hati ya mzigo yenyewe. Kunakili namba ya mwenzako na kuitikia "sawa" si kuhakiki.

Sasa, baada ya mkia kugonga. Nimesoma malalamiko ya abiria kwamba ndege "ilizungukazunguka bila sababu" na masikio hayakutulia. Sababu ipo. Kabini ya ndege hujazwa presha kama mpira, na sehemu ya nyuma iliyogongwa ndiyo inayoshikilia ukuta wa kuzuia presha hiyo. Rubani hawezi kwenda kuukagua. Kwa hiyo huacha kujaza presha, hufungua vali ya kutolea hewa, hubaki chini ya futi 10,000 ambako watu wanapumua bila msaada, na hutua kwenye kiwanja cha karibu kinachofaa. Ndege kubwa humwaga mafuta kwanza ili isitue na uzito mno. 737 haina njia ya kumwaga, hivyo huyachoma kwa kuzunguka, au hutua na uzito wake na kukaguliwa baadaye. Wakati huo huo, njia ya kurukia inapaswa kufagiliwa vipande vya chuma kabla ya ndege nyingine kuigusa.

Lakini hatari iliyoua watu wengi zaidi haikuonekana siku ya kugonga. Boeing 747 ya Japan Airlines iligonga mkia ikitua Osaka mwaka 1978. Ukuta wa presha ulipotengenezwa, bamba la kuungia lililotakiwa kuwa kipande kimoja lilikatwa viwili, na mzigo uliopaswa kubebwa na safu mbili za ribiti (pini za chuma zinazobana mabamba) ukabebwa na safu moja. Ndege iliruka kwa miaka saba. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ulipasuka, hewa ikang'oa usukani wa mkia, mifumo yote minne ya haidroliki, yaani mabomba ya mafuta yenye shinikizo yanayosukuma vidhibiti vya ndege, ikakatika. Walikufa watu 520, wakapona 4.

China Airlines nayo: 747 yake iliburuza mkia Hong Kong Februari 1980, ikabandikwa kiraka juu ya ngozi yenye michubuko ambayo ilipaswa kuondolewa. Kiraka kikaificha michubuko hiyo isionekane kwa mkaguzi yeyote. Kila safari ilipojazwa presha, ufa ulisogea kidogo. Tarehe 25 Mei 2002 ndege ilisambaratika angani ikitoka Taipei, na wote 225 wakafa. Miaka 22!

Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wako wakipata habari ya namna hii wasiishie kwa rubani. Waulize uzito ulioingizwa kwenye kompyuta na uzito halisi. Waulize kama mapaneli ya ndani yalifunguliwa na fremu (mbavu za mwili wa ndege) na ukuta wa presha kukaguliwa kwa vifaa vya kusaka nyufa, au ngozi ya nje ilipigwa rangi tu. Na waulize kama ukarabati ni wa muda au wa kudumu, na ukaguzi unaofuata ni baada ya safari ngapi. Majibu hayo yapo kwenye kumbukumbu za ndege, nazo huifuata hata ikiuzwa.

Wako,
Fundi wa ndege