Marakaraka si rangi nyingi tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilitetee neno marakaraka, ambalo naona linasukumwa nje ya maandishi yetu. Hivi karibuni mjukuu wangu aliandika katika insha yake kwamba jogoo wa babu ni wa marakaraka, naye mwalimu akalikata neno hilo kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "mwenye rangi nyingi". Jogoo mwenyewe ninaye hapa uani: shingo nyekundu, mbawa nyeusi zilizoingiliwa na kahawia, na kifuani manyoya meupe yaliyojitenga kana kwamba yameshonewa. Mtoto alimtazama vizuri akamweleza alivyo.

Neno hili lina undugu na kiraka, na kule kurudiwa kwa raka ndani yake kunaonyesha kutapakaa, kama vile doa linavyotupa madoadoa. Kwa hiyo marakaraka hueleza jinsi rangi zilivyokaa mwilini au kwenye kitambaa, wala si wingi wake peke yake. Upinde wa mvua una rangi nyingi, lakini kwa kuwa zimejipanga safu kwa safu, sijasikia mtu akiuita wa marakaraka. Pundamilia ana milia. Ndege kanga, ambaye inasemekana ndiye aliyeipa jina nguo ya mama zetu, ana madoadoa. Waliotafsiri Biblia ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 waliijua tofauti hiyo, ndiyo maana katika Mwanzo 30 wanyama wanaochungwa na Yakobo huzaliwa na milia, madoadoa na marakaraka, maneno matatu kwa mpigo, kila moja na kazi yake.

Wapo wanaoniambia kwamba neno hili ni la kizamani. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani kitu chenyewe kingali machoni petu kila siku, mabandani na sokoni. Tahadhari ni moja tu: halichukui viambishi vya ngeli kama -eupe, -eusi na -ekundu, bali hufuata -a au -enye, tukasema kuku wa marakaraka, kitambaa cha marakaraka, mbuzi mwenye marakaraka.

Namwomba mwalimu yule, ikiwa atausoma ukurasa huu, amrudishie mtoto alama yake.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga