Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa. Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa pembezoni mwa Ziwa Victoria.

Risala zilizotangulia zilihusu matundu ya vyoo na madawati. Safari hii tumeomba tuzungumzie afya ya akili ya vijana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa darasa la wanafunzi 70, hao ni kumi. Hawaokoti makopo barabarani, Mheshimiwa. Wamevaa sare na wanaitika majina. Mwenzetu mmoja alianza kusinzia tangu kipindi cha kwanza, akaacha netiboli, akawa anarudisha ugali na dagaa bila kugusa. Ripoti yake iliandikwa “mvivu”. Kumbe ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Vyanzo ni vingi na mara nyingi huja pamoja: kurithi, kupigwa, kubakwa, bangi inayoanzwa mapema. Na misiba. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wapo watoto waliopoteza wazazi kwa siku moja. Pole na madaftari hupatikana upesi. Wa kukuuliza unalalaje usiku ni adimu.

Wazazi wetu wengi huanzia kwa mganga au kwenye maombi. Kuomba hatukatazi. Tunachosihi ni mgonjwa asifungwe kamba, na hospitali isiwe kituo cha mwisho, maana hata malaria kali humfanya mtu aweweseke, na hiyo inataka kipimo.

Tiba ipo. Sonona isiyo kali huweza kupona kwa mazungumzo na mtaalamu. Iliyo kali huhitaji dawa pia. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na wengi huziacha kabla. Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, wapo madaktari wa magonjwa haya, ila kwa mtoto wa visiwani, nauli peke yake ni kikwazo.

Mheshimiwa, mwalimu wetu wa malezi na unasihi anafundisha pia Hisabati. Meza yake iko ofisi ya walimu, karibu na dirisha la foleni ya mandazi. Ukikaa pale dakika tano, kabla mapumziko hayajaisha shule nzima imeshajua. Nani atasimulia ya kwao hapo?

Tunaomba chumba chenye mlango. Stoo ya zamani ya majembe ipo. Inahitaji mabati, mlango na viti viwili. Mchanga na maji tutasomba wenyewe. Tunaomba pia utufikishie kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ombi la muuguzi wa afya ya akili, walau mara moja kwa mwezi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama, Klabu ya Afya