Salamu za Shukrani kwa Wakazi wa Majengo, Dodoma

Familia ya marehemu mama yetu, ambaye wakazi wa Majengo jijini Dodoma walimfahamu zaidi kwa jina la Bibi wa Bombani, inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na marafiki wote walioshirikiana nasi kumuuguza, kumsitiri na kutufariji katika siku zote za matanga. Kwa kuwa hatuwezi kumfikia kila mmoja mlangoni kwake, tunaomba salamu hizi zipokewe kama vile tumekuja wenyewe na kubisha hodi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hadi pumzi yake ya mwisho, masheikh na maustadhi walioongoza swala na dua, mwenyekiti wa mtaa aliyekuwa nasi tangu alfajiri ya msiba, na waajiri waliotupa ruhusa bila masharti. Kwa namna ya pekee tunawashukuru vijana wa mtaa waliochimba kaburi. Ilikuwa katikati ya kiangazi, wakati ardhi ya Dodoma inapokuwa ngumu hata sururu inaruka, nao walipokezana tangu asubuhi, wala hakuna aliyekubali kupokea hata nauli.

Tunaomba radhi kwa kusema kwa kirefu kuhusu mtaa wenyewe, kwa sababu wema tuliotendewa haukuanza siku ya msiba. Babu yetu mzaa mama alitoka Kondoa kuja kufanya kazi ya reli, ile reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam na kufika Dodoma mwaka 1910. Pembeni ya reli hiyo walikaa watu wa kila upande: Wanyamwezi kutoka Tabora, Wamanyema kutoka Ujiji, Wanyaturu, Warangi, watu wa pwani, na Wagogo wenyewe, ambao ndio wenye nchi. Baadhi ya Wagogo waliingia mjini wakikimbia Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi yalipokuwa yamekwishachukua watu, ng'ombe na nafaka. Mama alisimuliwa na wazee wake kwamba watu waliokutana mjini katika hali hiyo, wakiwa hawana ukoo wa kuwazika, waliahidiana kuzikana wao kwa wao. Tunaamini hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo tuliyoyaona mwezi uliopita.

Mama alizaliwa kabla ya Uhuru katika nyumba ya korido moja, yenye vyumba pande mbili na ua nyuma, ambamo kila chumba kilikuwa na familia yake na jiko lilikuwa la wote. Mtoto wa chumba kimoja alikula chumba kingine bila kuulizwa. Baadaye alikabidhiwa usimamizi wa bomba la mtaa, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepanga foleni ya ndoo. Maji ya visima vya Makutupora yalipokuwa ya mgawo na kufika usiku wa manane, alipita akigonga madirisha ya wagonjwa na wazazi wenye watoto wachanga kwanza, kisha ndipo wengine. Wapo waliolalamika, lakini hatukumbuki aliyewahi kumwambia kwamba alikosea.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuandika daftari la chama cha kufa na kuzikana. Daftari hilo la jalada gumu sasa liko mikononi mwetu, na tumelisoma ukurasa kwa ukurasa. Mbele ya majina mengi hapakuandikwa fedha. Pameandikwa "mchele kilo mbili", "kuni mzigo mmoja", "atateka maji", "atalala na wafiwa". Asiye na kitu aliandikiwa nguvu zake, na mchango huo ukawekwa katika safu ileile ya shilingi. Sisi wanawe, tuliozoea kuhesabu michango ya harusi kwa ahadi na viwango vya kadi, tulikaa kimya kwa muda mrefu juu ya kurasa hizo.

Katika daftari hilohilo mabadiliko ya mji yanaonekana wazi. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mipango ya mji mpya ikaanza, lakini kwa miaka mingi Majengo iliendelea na maisha yake. Ilipofika mwaka 2016 na serikali kuanza kuhamia kwa kishindo, kisha mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, kodi zilipanda, nyumba za zamani zikauzwa na maghorofa yakaota palipokuwa na nyua. Kuanzia hapo mama alianza kuandika pembeni ya majina: "amehamia Nkuhungu", "amehamia Nzuguni", "yuko kwa mwanawe Ipagala". Hakufuta jina hata moja. Nasi hatukujua kwa nini, mpaka tulipowaona wote hao wakishuka kwenye bajaji na daladala kuja msibani, wengine wakitembea kwa magongo, na kila mmoja akielekea moja kwa moja kwenye kazi aliyokuwa akiifanya zamani.

Kinamama wa Kiislamu walimwosha na kumvisha sanda. Kinamama wa Kikristo walishika jiko tangu siku ya kwanza na hawakuturuhusu hata kuosha kikombe. Wazee kutoka vijiji vya Ugogo, ambao zamani walilala kwetu walipoleta ubuyu na mkaa sokoni, waliingia uani wakisalimu "Mbukwenyi" na kutua gunia la karanga bila kutaja majina yao. Kama yupo anayewafahamu, tunaomba atufikishie shukrani zetu kwao.

Chama hakitakufa na mama. Kwa makubaliano ya familia na wanachama waliokuwepo, daftari atakabidhiwa mkwe wake mkubwa, anayeishi bado katika nyumba ileile, na waliohama wataendelea kuhesabiwa kama wakazi. Tunawaomba pia wazee wanaokumbuka nani aliishi nyumba ipi kabla ya ujenzi mpya wafike watueleze, tuyaandike majina hayo katika kurasa zilizobaki wazi, kwa kuwa wajukuu wengi waliokutana msibani hawakujua kwamba babu zao walikuwa wa ua mmoja.

Khitma ya arobaini itasomwa nyumbani kwa marehemu baada ya swala ya adhuhuri, na wote mnakaribishwa, wa dini zote kama kawaida yetu. Sufuria mbili kubwa, mikeka na turubai la bluu vilivyoazimwa wakati wa msiba vimeoshwa na viko uani. Wenyewe wafike kuvichukua, au watutumie mtu tumkabidhi.

Wenu katika shukrani,
Watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu wa marehemu
Majengo, Dodoma