Taa za sitaha zinameza nyekundu na kijani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na manahodha wenzangu, hasa wa vyombo vya uvuvi.

Nimeshika usukani miaka 27. Usiku mmoja wa giza niliona mbele yangu, upande wa kulia, mwanga mweupe umetanda juu ya maji kama uwanja wa mpira. Chombo kimetia nanga? Kinakuja? Kinaenda? Nilitafuta kwa darubini mpaka macho yakatoa machozi. Ningeona taa yake nyekundu ya ubavuni, ningejua ananikatia njia na mimi ndiye wa kumpisha. Ningeona kijani, ningejua hanikatii. Nikapunguza mwendo. Nyekundu yake ilikuja kujitokeza tukiwa tumekaribiana hata nasikia injini yake. Nilikata usukani kulia, nikapita nyuma ya tezi yake, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, huku naziona nyuso za watu wake.

Asubuhi tulikutana gatini. Nahodha wake, kijana mwenye adabu, aliniuliza, "Mzee, na taa zote zile hukutuona?"

Nilimwona. Nilichokosa ni kujua anaelekea wapi, na hiyo ndiyo kazi ya taa za njia. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zimeipa kila taa eneo lake: kijani ubavu wa kulia na nyekundu wa kushoto, kila moja nyuzi 112.5 kuanzia omo (mbele ya chombo), kisha nyeupe ya tezi nyuzi 135. Zikijumlishwa ni duara kamili, ndiyo maana rangi moja tu inamwambia mwenzako umemgeuzia upande gani. Kanuni ya 20 inakataza, tangu jua linapozama hadi kuchomoza, taa nyingine yoyote inayoweza kudhaniwa kuwa hizo, kuzififisha, au kumzuia mtu wa zamu kuona vizuri. Taa kali za sitaha tunazofunga siku hizi zinafanya hayo yote.

Wenye vyombo vidogo nao wasijitoe. Chombo cha tanga kisichofika mita 7, kikishindwa kufunga taa hizo, kinatakiwa kuwa na tochi au fanusi nyeupe tayari mkononi, ionyeshwe mapema.

Kijana yule alinikaribisha chomboni. Kioo cha taa nyekundu kilikuwa na ukoko wa chumvi, na brashi ya fundi ilikuwa imekipitia ikaacha michirizi ya rangi nyeupe. Tulikisugua kwa kitambaa na maji baridi, michirizi tukaibandua kwa kucha. Chombo cha mita 12 hadi 50, kama chake, taa ya ubavuni inapaswa kuonekana maili 2 za baharini. Ile sidhani ilifika nusu maili.

Jamani, nyavu zikishapanda na safari ya kurudi ikianza, zimeni taa za sitaha. Nanyi wakaguzi, nawaomba mje kuzitazama taa hizi usiku, zote zikiwa zimewashwa.

Wako,
Nahodha mzee