Matembezi ya Oktoba na mambo mapya ya kujifunza

Ndugu wanakikundi, habari za Jumapili.

Kwa kuwa baridi ya Juni na Julai, ambayo ilitufanya wengi wetu tuwe watu wa makoti na chai ya tangawizi, sasa imelegea, na mvua za Novemba bado hazijaanza kuharibu njia, ninapendekeza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba twende Ziwa Ngozi. Tutakutana Kabwe, hapa Mbeya, saa 12:30 asubuhi, tupande kosta ya Tukuyu hadi Isongole, kisha tutembee kwa miguu kupitia msituni pamoja na mwongozaji. Sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali wa kupanda, kwa hiyo tafadhali vaeni viatu vyenye kushika ardhi. Mwenye kuja na ndala atabaki Isongole kulinda mizigo. Juu kabisa, ziwa huonekana ghafla chini ya ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, na hapo ndipo wanaojifunza kupiga picha watapata kazi ya kutosha.

Wanaotaka kutambua maua wavute subira, kwani Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, yenye aina 45 za okidi, hupendeza kuanzia Desemba mvua zikishakolea.

Somo la kufuma litaendelea Jumatano jioni, na wanaume wawili wamekwisha kujiandikisha, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Naomba majina ya safari yanifikie kabla ya Alhamisi.

Mratibu wenu