Tuligawana viti, daftari la wagonjwa likabaki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na waumini wenzangu ambao makanisa yao yamegawanyika, au yako njiani kugawanyika. Nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika usharika uliovunjika mapande mawili. Sitautaja, wala sitasema nani alianza. Kila upande una jibu lake la swali hilo, nami nilikuwa nalo langu, nikalisimulia kwa kila aliyenisikiliza mpaka mke wangu akaniomba nipumzike.

Siku ya kugawana mali tulikaa asubuhi hadi jioni. Viti vilihesabiwa mara tatu. Kinanda kilikula karibu saa nzima. Ya vipaza sauti nayaacha, maana watu wazima walikaribia kushikana mashati. Vikombe vya Meza ya Bwana viligawanywa sawa kwa sawa, kikazidi kimoja. Kikombe hicho tukakipigia kura, na mimi ndiye niliyeandika matokeo. Kati yetu sote tunaoijua Injili kwa moyo, hakuna aliyekumbuka kwamba hata chini ya msalaba kuna watu waliopiga kura wakigawana.

Nilipokuwa nakusanya makaratasi nikaona daftari moja halijaitwa. Lilikuwa la wagonjwa na wazee wasioweza kutoka nyumbani, majina 11. Nikauliza, "Na hili?" Kimya. Mtu mmoja akiwa ameshashika mlango akasema, "Kaa nalo tu, katibu."

Jumatano iliyofuata nikaenda kwa jina la kwanza. Ni bibi ambaye macho yake hayasomi tena, hivyo tulizoea kwenda wawili, mimi na mzee mwenzangu, mmoja anasoma Biblia na mwingine anaongoza sala. Mwenzangu huyo sasa yuko upande wa pili. Nikaamkia, bibi akaitikia, kisha akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikasema amepata udhuru. Naam, mzee wa kanisa, Biblia iko magotini, nikasema uongo. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba tumegawanyika, na mimi sikuthubutu kuwa wa kwanza. Akatuombea kama kawaida yake: mchungaji, wazee, kwaya, watoto, wote kwa pamoja. Kwa robo saa kanisa letu likawa zima tena, japo ndani ya kinywa cha bibi mmoja tu.

Kisha akasema tuendelee na tulipoishia. Tulikuwa tumeishia Maombolezo sura ya tatu.

Hapo ndipo penye jambo langu, Mhariri. Jumapili ya kwanza baada ya mgawanyo, sisi tuliobaki na jengo tulishukuru kwa nguvu: "Mungu ni mwaminifu!" Baadaye nikasikia kwamba wenzetu waliopata kinanda nao walisema hivyohivyo, siku ileile. Tumeligeuza neno hilo kuwa muhuri wa ushindi. Sasa msome mtu aliyeandika "ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu." Mji wake, Yerusalemu, umeshaanguka mikononi mwa Wababeli, mwaka 586 kabla ya Kristo, na hekalu limechomwa. Mistari michache kabla ya hapo anasema Mungu mwenyewe amemvunja meno kwa changarawe. Na baada ya kusema hayo hakuna kilichotengemaa, kwani sura ya nne bado ni njaa. Kitabu kina sura tano, na neno la uaminifu liko katikati, halikuwekwa mwisho kama hitimisho la shangwe. Mwisho wenyewe ni mtu anayeuliza kama ametupwa kabisa.

Kwa hiyo mtu anaweza kuukiri uaminifu wa Mungu huku hajarudishiwa chochote, na pengine hatarudishiwa akiwa hai. Nabii Yeremia alinunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha wakati Yerusalemu imezingirwa na yeye mwenyewe yuko kifungoni. Hati akaagiza itiwe katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Baadaye alichukuliwa kwenda Misri, na hatusomi popote kwamba alirudi kulima shamba lile. Mimi nilipokuwa nasubiri Mungu "athibitishe" nani ana haki kati yetu, nilikuwa nataka mavuno ndani ya miezi mitatu.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Uaminifu, imani, amana na amina ni ndugu wa shina moja, na Kiebrania nacho kina ukoo huohuo. Amana ni kitu alichokabidhiwa mtu akitunze. Kama tuko mkononi mwa Mungu kama amana, tuko wote, waliobeba viti na waliobeba kinanda. Sidhani kama yeye aliwahi kutugawa.

Ataniuliza mtu, je, mitume hawakutengana? Walitengana. Paulo na Barnaba walishindana kwa ajili ya Marko, kama waende naye safarini au la, hata kila mmoja akashika njia yake, na kitabu cha Matendo hakisemi nani alikuwa na haki. Miaka baadaye Paulo anaandika aletewe Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Kilichotokea katikati hatukuandikiwa. Nami natamani sana tungeandikiwa, maana ndicho kipande ninachokihitaji! Kanisa la Mashariki na la Magharibi, yaani Waorthodoksi na Wakatoliki, walilaaniana mwaka 1054, na laana hizo zikaondolewa mwaka 1965 na Papa Paulo VI na Patriaki Athenagoras wa Waorthodoksi. Miaka 911, na hadi leo hawajashiriki Meza pamoja. Sisemi hayo ili tulale. Nasema kwamba saa tunayompimia Mungu ni yetu.

Na nisieleweke vibaya. Mtu aliyeumizwa kanisani, aliyeibiwa au kudhalilishwa akaondoka, simwambii arudi kwa aliyemuumiza eti kwa sababu Mungu ni mwaminifu. Neno hilo limeshatumika vya kutosha kuwafunga watu midomo. Nasema na sisi tuliogombana kwa sababu ambazo leo, tukiulizwa na mtoto, tungeona haya kuzitaja.

Majina yale 11 nimeendelea kuyatembelea yote, bila kuuliza nani ni wa wapi. Baadhi ya wazee wa upande wangu hawapendi. Mmoja aliniambia napoteza muda kwa watu wa wengine. Nikamwambia aje alichukue daftari, na mpaka leo hajaja.

Kwa bibi nilirudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa ile moja nilikuwa naumwa. Utepe wa Biblia niliuacha sura ya tatu, nikaukuta mwanzo wa sura ya tano. Nikamuuliza nani amemsomea.

"Mwenzako," akasema. "Alikuja Ijumaa. Nilipomuuliza habari zako akasema umepata udhuru."

Sikupata la kusema. Nikafungua pale penye utepe, nikasoma alipoishia yeye.

Barua hii naiandika Jumatano, siku yangu ya kwenda. Leo sikwenda. Nimempelekea bibi ujumbe kwamba nitafika Ijumaa.

Msomaji wako,
Mzee wa kanisa
(Jina na anwani vimehifadhiwa)