Wanataka kung'oa vizuia jua

Nairobi

Kwako Mwanaisha,

Salamu nyingi, na pole kwa kimya. Natumaini Mombasa mu wazima na mama amepata nafuu. Sisi tunaendelea. Ninaandika mbio mbio kwa sababu ya jengo letu.

Limeuzwa, na mwenyewe mpya anataka kung'oa vile vizuia jua vya zege mbele ya madirisha, kisha alivishe lote vioo vya buluu. Anasema limechakaa. Kilichochakaa ni rangi! Vizuia jua vile viliwekwa upande wa magharibi makusudi, maana jua la alasiri huinama mpaka likaingia mezani. Vinalikata jua, hewa inapita, na ndiyo sababu miaka yote hii hatujahitaji kiyoyozi. Akiweka kioo kitupu, sisi wapangaji ndio tutakaolipa umeme wa kupoza joto ambalo zege lilikuwa likilizuia bure. Mama Zawadi wa ghorofa ya pili keshaanza kukusanya sahihi.

Wewe ndiwe uliyenionyesha picha za Chandigarh kule India, jinsi msanifu majengo Le Corbusier alivyoipanga zege mbele ya Sekretarieti na Mahakama Kuu ili kulikinga jua. Mwaka 2016 UNESCO ikayatia majengo yale katika urithi wa dunia. Lakini mwaka uliofuata, katika nchi hiyo hiyo, Hall of Nations, jumba la maonyesho la msanifu Raj Rewal, ilibomolewa Delhi. Lilikuwa jengo la 1972, na waliolitetea waliambiwa halijafika miaka 60 ya kuhesabiwa urithi. Hilo linanitia hofu. Majengo ya umri huu ni makuukuu machoni pa mwenye ploti na machanga machoni pa sheria, basi nani atayasemea? KICC, jumba la mikutano hapa Nairobi la wasanifu Nøstvik na Mutiso wetu, angalau kila mtu anaijua. Letu halimo hata kwenye kadi za posta.

Na zege ile ilimiminwa kwa mikono, Mwanaisha. Mzee wako alikuwepo.

Je, ile ramani ya upande wa magharibi uliyoichora ukiwa chuoni bado unayo? Mzee ana picha yoyote ya siku za mjengo? Anaweza kueleza vile vizuia jua vimeshikana vipi na nguzo, na kuving'oa kutaacha nini? Tunakutana na mwenye jengo Ijumaa. Utaweza kupanda treni uje useme mwenyewe, au nikusomee maneno yako?

Wako,
Njeri